Jinsi ya kula tati za mayai Hong Kong: fuata oveni, usifuate jina la duka

Kila nikirudi kutoka kufuata mzigo Guangzhou lazima kuna mtu ataniuliza nimekula nini huko, na mi jibu langu halijabadilika miaka yote, nimeruka Hong Kong siku moja nimekula tati za mayai. Wengi hawazijui. Wanaozijua wamekula ile ya kwenye KFC za China, ikiwa imekaa, wakasema ni ya kawaida tu. Inaniuma, kwa sababu hiki kitu kikiliwa sawasawa ni kizuri mno, na kikiliwa vibaya kinakuwa uji wa yai kwenye biskuti iliyolowa. Kwa hiyo naandika hapa hatua kwa hatua ninavyofanya mimi, we fuata utakavyoweza.

Wenyewe wanaziita daan taat. Daan ni yai, na taat wamelitoa kwa Waingereza kama sisi tulivyopata keki na biskuti. Ni kikombe kidogo cha unga uliookwa, kinaenea kwenye kiganja, ndani kuna kastadi ya yai laini ya njano inayong'aa juu kama imepigwa msasa. Haina mdalasini, haina hiliki, sukari yake ya wastani. Zilianza kuonekana Guangzhou miaka ya 1920, wakati maduka makubwa ya pale yanashindana kuwapa wateja vitafunwa vipya kila wiki, halafu baada ya vita zikashika Hong Kong kwenye migahawa ya chai mpaka leo ni chakula cha kila mtu, kuanzia mbeba mizigo hadi mkurugenzi. Mwaka 2014 ufundi wa kuzitengeneza uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa Hong Kong, pamoja na chai yao ya maziwa.

Hatua ya 1: Makaratasi kwanza

Hili nalisema mapema maana ndio linalowaumiza watu. Hong Kong ni China lakini uhamiaji wake ni mwingine. Ukitoka Guangzhou kwenda Hong Kong umetoka China, na kama viza yako ya China ni ya kuingia mara moja tu, basi imeisha hapo, hurudi kwenye mzigo wako. Hakikisha viza ni ya kuingia mara mbili au zaidi. Na upande wa Hong Kong angalia kwenye tovuti ya uhamiaji wao pasipoti ya nchi yako inataka nini, maana sio pasipoti zote za Afrika Mashariki zinatendewa sawa, usitegemee maneno ya aliyekaa jirani yako kwenye ndege.

Treni ya kasi kutoka Guangzhou South mpaka West Kowloon ni kama saa moja, yuani mia mbili na kitu, na ukishuka West Kowloon unagongewa mihuri ya pande zote mbili humohumo ndani ya stesheni. Nenda na treni ya asubuhi kabisa. Watu wetu wengi wakilala wanalala Chungking Mansions pale Nathan Road, Tsim Sha Tsui, ni jengo la maghorofa 17 limejaa vyumba vidogo na wafanyabiashara wa Kiafrika, Kihindi na Kipakistani, na chakula cha halali kipo cha kutosha. Msikiti wa Kowloon uko barabara hiyohiyo, unafika kwa miguu.

Chukua kadi ya Octopus, inalipa treni, tramu, feri na maduka mengi, ila weka na noti ndogo ndogo mfukoni maana bekari za mitaani zingine ni keshi tu. Dola 1 ya Marekani inakupa kama 7.8 za kwao na haichezi sana kwa sababu wameifunga kwenye dola ya Marekani tangu 1983. Tati moja utaikuta kati ya dola 6 na 15 za Hong Kong kutegemea na duka.

Hatua ya 2: Jua ganda lako

Kuna aina mbili na Wahongkong wanabishana juu yake kama sisi tunavyobishana pilau ya wapi ni tamu.

Ya kwanza ni ganda la siagi. Hili likivunjika linavunjika kama nankatai, unga mzito kidogo, una harufu ya siagi, na kingo zake zimenyooka laini. Ya pili ni ganda la matabaka. Fikiria chapati ile iliyokunjwa ikasukumwa ikakunjwa tena, halafu iokwe mpaka kila tabaka liwe jembamba na kavu, ukiuma inakumwagikia chenga kifuani. Hili la matabaka ni kazi kubwa kulitengeneza maana ni unga wa aina mbili, mmoja wa maji na mmoja wa mafuta, unafungiwa ndani ya mwenzake unakunjwa na kupumzishwa kwenye baridi, tena na tena, na ndio maana bekari nyingi ndogo zimeliacha.

Mimi ni wa nankatai. Nasema wazi. Lile la matabaka likiwa moto ni ajabu lakini linadumu dakika chache mno, wakati la siagi linakusubiri kidogo. Ila we usichukue neno langu, jaribu yote siku moja ndio utajua uko upande gani.

Hatua ya 3: Uliza mafuta (Waislamu hapa msipite haraka)

Ganda la matabaka kwa asili yake linatengenezwa na mafuta ya nguruwe. Wapo waliobadilisha wakaweka siagi au majarini, wapo waliochanganya, na wapo wanaoendelea vilevile kama babu zao. Huwezi kujua kwa kuangalia wala kwa kunusa. Na hata hili la siagi, jina lisikutie moyo ukaacha kuuliza.

Unauliza hivi: "yau mou jyu yau?" yaani kuna mafuta ya nguruwe? Akijibu "yau", yapo, acha. Akijibu "mou", hayapo. Inachanganya kidogo maana "yau" ya mwanzo ni "kuna" na "yau" ya mwisho ni "mafuta", lakini ukisema pole pole wanaelewa. Siagi ni "ngau yau", mafuta ya ng'ombe. Kama ulimi unagoma weka kwenye simu maandishi haya 豬油 umwonyeshe huku unakunja uso wa kuuliza, atatikisa kichwa au atakubali. Hawakasiriki, nimeuliza mara nyingi sana na sijawahi kuonyeshwa uso mbaya.

Mwenye kutaka uhakika kabisa wa halali aende Wan Chai, Oi Kwan Road, kuna msikiti wa Ammar, na ghorofa ya tano ya jengo hilo kuna kantini ya Kiislamu inayopika vitafunwa vya Kikantoni vya halali, vile vya kwenye vikapu vya mvuke. Hapo unakula bila wasiwasi. Mwulize na mhudumu kuhusu vitamu vya siku hiyo.

Hatua ya 4: Fuata oveni

Hii ndio hatua yenyewe, zingine zote ni maandalizi.

Tati ya yai inaanza kufa dakika inapotoka kwenye oveni. Kastadi ina maji mengi, ganda ni kavu, na maji hayakai, yanaanza kupanda kwenye unga polepole. Baada ya nusu saa chini kumeanza kulainika. Baada ya masaa mawili kwenye kabati la kioo lenye taa ya joto, juu kastadi imekunjamana na kufanya ngozi, chini ganda limelowa. Duka hilohilo, fundi huyohuyo, bei ileile, na unakula vitu viwili tofauti kabisa. Ndio maana mtu anakwambia duka fulani maarufu ni la kawaida tu, mwingine anakwambia alitaka kulia. Wote wanasema kweli, walifika saa tofauti.

Sasa zinatoka saa ngapi? Asubuhi watu wakienda kazini kuna trei nyingi. Halafu kuna mchana. Hong Kong kuna kitu wanakiita "saam dim saam", saa tisa na robo alasiri, ndio wakati wa mafundi ujenzi kushusha vifaa na kunywa chai, na mji mzima umeiga. Kuanzia kama saa nane na nusu bekari zinaoka kwa ajili ya watu hao. Ukisimama mlangoni saa tisa kasoro, una bahati nzuri sana ya kukuta trei ikitoka.

Na ukikuta zilizopo ni za zamani usinunue kwa sababu tu umefika. Uliza zinazofuata zinatoka lini, onyesha saa yako, watakuonyesha kwa vidole dakika ngapi. Zunguka, rudi. Nishakaa dakika ishirini na tano nje ya bekari ambayo hata jina lake sikuweza kulisoma, kwenye kona ya mtaa wa maduka ya vitambaa Sham Shui Po, nikala tati ya dola sita ambayo mpaka leo ndio kipimo changu, na siku hiyohiyo nilikuwa nimetoka kula ya duka kubwa nikaiacha nusu.

Dalili za kuangalia: juu iwe inang'aa na imetuna kidogo bila makunyanzi, ukitikisa trei katikati itetemeke, na kingo za ganda ziwe na rangi ya dhahabu sio nyeupe. Ikiwa na mashimo mashimo kama sifongo ujue moto ulizidi kastadi ikachemka.

Ukishaipata usiume hapohapo. Ndani ni moto kama uji, utaunguza ulimi na hutaonja chochote siku nzima. Ishike kwenye kikombe chake cha foili, subiri dakika tatu nne, sukuma chini kwa kidole itoke, kula kwa vipande vitatu umeinama mbele kidogo. Kwa mkono. Sijaona mtu wa pale akila kwa kijiko.

Hatua ya 5: Ratiba ya siku moja

Mi naenda hivi. Asubuhi kutoka Tsim Sha Tsui napanda feri ya Star Ferry kuvuka kwenda Central, dola chache tu, na ni mandhari ambayo watu wanalipia maboti ya gharama. Kutoka gatini unatembea mpaka kwenye ngazi za umeme za Mid-Levels, ngazi zinazopanda mlima katikati ya mji kama mita 800, zipo tangu 1993. Ila asubuhi mpaka karibu saa nne zinashuka tu kwa ajili ya wafanyakazi, kwa hiyo ukiwahi sana utapanda kwa miguu.

Pale Lyndhurst Terrace kuna Tai Cheong Bakery. Ilianza 1954, ni ya ganda la siagi, na iliwahi kupendwa na Chris Patten, gavana wa mwisho wa Mwingereza, mpaka jina lake likaganda kwenye tati zao. Mwaka 2005 kodi ya pango ilipanda wakafunga, watu wakapanga foleni siku za mwisho kama wanaaga ndugu, kisha wakafungua tena hapo karibu. Anzia hapa ili ulimi wako ujue ganda la siagi likoje. Ukikuta kuna kundi la watalii furahi, maana trei zinaisha haraka na zako zitakuwa za moto.

Halafu panda tramu, ile ya ghorofa mbili inayopiga kengele, zipo tangu 1904, unakaa juu mbele kwa dola tatu na kitu mpaka Wan Chai. Ingia Hennessy Road utafute Honolulu, mgahawa wa chai wa tangu 1940, hawa ni wa matabaka na wenyewe wanasema ni matabaka 192. Siwezi kuhesabu lakini ukiuma unasikia kelele. Hapa kumbuka swali la hatua ya 3. Na hapa kaa chini, agiza chai ya maziwa, "naai cha". Ni majani makali yanayochujwa kwenye mfuko mrefu wa kitambaa kama soksi, halafu maziwa ya kopo, yaani ni chai ya maziwa tunayoijua sisi ila haina tangawizi na ina ukali unaokata utamu wa kastadi. Chai na tati vinakwenda pamoja, usiagize soda tafadhali.

Mgahawa wenye watu wengi utakalishwa meza moja na wageni, ni kawaida, we salimia kwa kichwa ukae. Usikae muda mrefu ukishamaliza, wenzako wamesimama.

Kama bado una nafasi tumboni, Wan Chai hiyohiyo kuna Bakehouse ya mpishi Mswisi Grégoire Michaud, yeye ganda lake ni la unga uliochachushwa polepole, kuna uchachu kidogo na juu kumeungua madoa. Foleni yake ni ndefu. Sio ya asili ya kule na wazee wanalalamika, mi naona ni nzuri lakini nisingeifanya ya kwanza.

Jioni ukirudi upande wa Kowloon, treni ya MTR mpaka Prince Edward, tafuta Kam Wah, Bute Street. Wanajulikana zaidi kwa mkate wa nanasi usio na nanasi, ganda lake la juu tu ndio limepasukapasuka kama ngozi ya nanasi, unawekewa bonge la siagi baridi katikati. Chukua na tati moja. Uliza mafuta tena.

Hatua ya 6: Ukiwa na siku ya pili, nenda Macau

Tati ya Macau ni ndugu mwingine. Ganda la matabaka, kastadi ina krimu, na juu imeungua madoa meusi ya sukari. Watu wanaiita ya Kireno na ni kweli asili iko Ureno, kule Belém, Lisbon, ambako wanauza tangu 1837 baada ya monasteri kufungwa, ila hii ya Macau aliianzisha Mwingereza mfamasia, Andrew Stow, alipofungua Lord Stow's Bakery kijijini Coloane mwaka 1989. Alikula za Lisbon akazipenda, akatengeneza kwa namna yake. Aliyekuwa mke wake, Margaret Wong, akabaki na duka lake mjini, Margaret's Café e Nata, na 1999 akawauzia KFC resipe, na ndio hiyo unayoikuta kwenye KFC za China. Kwa hiyo ukiila pale Guangzhou unakula mjukuu wa mbali.

Kuna feri ya saa moja, au basi la kupita juu ya daraja la bahari lililofunguliwa 2018, dakika kama arobaini. Kutoka mjini panda basi namba 26A mpaka Coloane, dola za Hong Kong wanapokea. Macau nayo ina uhamiaji wake, pasipoti mkononi na uangalie masharti yake kabla. Waliozoea kuvuka kwenda Msumbiji mtaikumbuka ladha, maana Maputo kwenye mikahawa ya Kireno tati kama hizi zipo mpaka leo.

Hatua ya 7: Za kubeba, na za kupika nyumbani

Kubeba mpaka Dar haiwezekani, niliwahi kufunga boksi la sita kwa ajili ya mama, zikafika zimekuwa kitu kimoja. Mpaka hotelini sawa, boksi likae wima, usiweke friji, na uzipashe kwenye oveni dakika tano mpaka nane kwa moto mdogo. Maikrowevu inaua ganda.

Kwa hiyo mama namtengenezea mwenyewe, ganda la siagi, zinatoka kama 12. Unga wa ngano gramu 225, siagi baridi gramu 125, sukari ya unga gramu 55, yai 1. Sugua siagi na unga kwa vidole, weka sukari na yai, kusanya bila kukanda sana, pumzisha kwenye friji nusu saa, bandika kwenye vikombe vya foili kwa kidole gumba, pawe pembamba chini. Kastadi: yeyusha sukari gramu 100 kwenye maji ya moto mililita 225, iache ipoe kabisa hiyo shira, piga mayai 3 kwa uma bila kutoa povu, changanya na shira, maziwa ya kopo yasiyo na sukari mililita 85, vanila kidogo. Chuja mara mbili. Usiruke kuchuja, ule mng'ao wa juu unatoka hapo.

Mimina mpaka karibu na ukingo, oveni nyuzi 200 kwa dakika 12 hivi, kingo zikianza rangi shusha 180 uendelee dakika 10 nyingine. Wa jiko la mkaa, moto wa juu uwe mchache sana, kastadi ikianza kuvimba inua mfuniko kidogo. Chomeka kijiti katikati, kikisimama chenyewe toa, hata kama bado inatetemeka. Mama yangu huwa anakuwa ameshabandika chai muda huo.